Namna ya Kushindwa kwa Heshima Nje ya Geti la Kiwanda

Umeazima kamera ya idara, na fomu uliyotia sahihi inasema uirudishe baada ya wiki tatu. Pendekezo lako limepitishwa. Ndani yake umeahidi kuingia kiwandani Thika, kusimama kati ya mashine, na kutoka na filamu ya dakika ishirini kuhusu maisha ya mfanyakazi.

Ngoja nikutoe wasiwasi mapema: filamu hiyo hutaipiga. Kila mwanafunzi wa anthropolojia ya picha niliyemwona akishuka matatu ya 237 na tripodi begani alishindwa kupiga ile aliyoiandika. Wako walioshindwa vibaya wakarudi mikono mitupu. Wako walioshindwa vizuri wakarudi na filamu nyingine, iliyo bora kuliko ile ya kwenye karatasi.

Nataka uwe wa kundi la pili. Njia za mkato ni hizi hapa. Nimezipita zote kwa miguu yangu, kutoka Makongeni hadi Ruiru, na nazisimamia.

Hatua ya kwanza: Andika barua, kisha usiisubiri

Mwandikie meneja. Tumia karatasi yenye nembo ya chuo, ambatisha kibali chako cha utafiti cha NACOSTI na barua ya msimamizi wako. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Itunze nakala hiyo, kwa maana utaihitaji kwenye ripoti.

Kisha isahau. Barua italala mapokezi, itaamkia kwa afisa wa wafanyakazi, itapanda makao makuu, na huko italala tena. Usimchukie meneja. Ana mashine ambazo mshindani wake hatakiwi kuziona, ana bima isiyokutaja wewe, na pengine anamkumbuka mtu aliyekuja zamani na kamera akisema yeye pia ni mwanafunzi.

Barua ikilala, wewe simama nje ya geti. Usione haya, sinema yenyewe ilianzia hapo. Machi 1895, Louis Lumière aliweka kamera mbele ya geti la kiwanda cha familia yao mjini Lyon, Ufaransa, akapiga wafanyakazi wakitoka kazini. Haikufika dakika moja. Akina Lumière walikuwa wenye kiwanda na wangeingia saa yoyote waliyotaka, lakini mwanga ulikuwa nje, na watu walikuwa wanatoka kwenda nje. Karne moja baadaye, 1995, Mjerumani Harun Farocki alitengeneza filamu nzima kutokana na picha za wafanyakazi wakitoka viwandani zilizopigwa miaka yote hiyo katikati. Kwa hiyo ukisimama pale umesimama mahali penye ukoo.

Hatua ya pili: Chagua geti moja na kibanda kimoja

Usijaribu kupiga Thika. Thika ni kubwa kuliko kadi yako ya kumbukumbu. Reli ilifika hapa 1913, mito ya Chania na Thika ilikuwepo tayari, na viwanda vikajipanga. Leo kuna mafuta ya kupikia ya Bidco, mananasi ya Del Monte, vitambaa vya Thika Cloth Mills, na malori yanayounganishwa KVM, kiwanda kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland. Teremka Ruiru ukutane na maziwa ya Brookside, nyuzi na blanketi za Spinners & Spinners, na chuma cha Devki, katika mji ambao sensa ya 2019 iliukuta na karibu watu nusu milioni. Ukitaka vyote hivyo kwa wiki tatu, utarudi na picha za barabara kuu. Barabara hiyo ilikamilika 2012 na imeshapigwa picha ya kutosha.

Chagua geti moja. Ng'ambo ya geti pana kibanda cha chai. Kichague hicho pia. Fika saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla ya giza kuondoka, na kaa siku tatu kamera ikiwa ndani ya mfuko.

Hapo ndipo njia ya mkato ilipo. Utaona vibarua wakija wawili wawili kutoka mitaa ya Kiandutu na Makongeni. Utaona supavaisa akitokea kwenye mlango mdogo wa geti akihesabu vichwa: leo anataka ishirini, kesho kumi na wawili. Utaona kwamba walioachwa hawaondoki. Wanakaa kwenye mawe hadi saa mbili na zaidi, kwa sababu huenda aliyeitwa amekataliwa ndani, au mashine nyingine imewashwa. Saa tatu ndipo wanaanza kutawanyika, na hakuna anayemuaga mwenzake, kwa kuwa kuaga ni kukiri kwamba siku imeisha.

Halafu utaliona daftari. Mama wa chai anakopesha, na kila anayekopa ameandikwa: jina, chapati mbili, chai moja, mstari wa kalamu nyekundu siku aliyolipa. Nililisoma daftari la namna hiyo asubuhi nzima, mwenyewe akiwa amekaa kando yangu akinieleza. Wiki yenye mistari mingi myekundu ni wiki ambayo kiwanda kilipata oda. Wiki isiyo na wekundu ni wiki ambayo mashine zilisimama. Kuna jina lililokuwa na deni la siku kumi na moja, kisha halikuonekana tena. "Huyo alirudi kwao Kitui," mama akasema, na hakulifuta.

Mimi nilikuwa nimeomba kuingia kiwandani kutazama uzalishaji. Uzalishaji wote ulikuwa kwenye daftari la chapati. Omba ruhusa, mwache mama afunike majina kwa kidole chake mwenyewe, na upige kurasa zile polepole. Tayari una dakika mbili bora kuliko zote ulizoahidi.

Hatua ya tatu: Iba, na uwataje uliowaibia

Huna muda wa kubuni mtindo wako. Iba mtindo wa watu waliokwisha kuumia kwa niaba yako.

Waibie David na Judith MacDougall. Mwaka 1968 walikuwa Karamoja, Uganda, na filamu yao *To Live with Herds* ikatoka 1972. Mwaka 1973 na 1974 walikuwa Turkana, hapa kwetu, wakapiga filamu tatu, mojawapo ikiwa *Lorang's Way*, ambamo mzee Lorang anaeleza maisha na boma lake kwa maneno yake. Chukua vitu viwili kwao. Cha kwanza, subira: waliacha kamera ikae, mtu amalize anachosema hata akinyamaza katikati. Cha pili, maandishi ya tafsiri chini ya picha, ili Mturkana aseme Kiturkana na mtazamaji wa mbali ndiye ajitahidi.

Kwenye kibanda chako jambo hilo ni la lazima. Sentensi moja inaanza kwa Kikuyu, inapinda kwa Kiswahili, kichekesho kinakuja kwa Kikamba, na hesabu ya pesa inamalizikia kwa Kiingereza. Ukiwaambia waongee Kiswahili sanifu kwa ajili ya mhadhiri, watakaa wima kama watoto wa shule na watakwambia kwamba kazi ni nzuri. Waache waseme wanavyosema. Kazi ya kutafsiri ni yako, na itakuchukua usiku mwingi kuliko kupiga picha kwenyewe. Panga usiku huo tangu sasa.

Hatua ya nne: Waache watu wajipambe

Hapa wanafunzi wengi huharibu. Wanamtaka mfanyakazi "halisi", na kwao halisi ni mchafu na aliyechoka.

Nami nilimtaka huyo. Kiwanda changu kilikuwa cha nyuzi, na nilijua kwamba ndani vumbi la pamba humganda mtu kwenye nywele, nyusi na kope hadi kijana wa miaka ishirini na mitano aonekane babu. Niliitaka picha hiyo kuliko kitu chochote. Nikasubiri getini siku nne. Kila siku wanaume wale walitoka safi. Ovaroli imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, shati limepigwa pasi, nywele zimepanguswa kwa kitambaa chenye maji. Siku ya tano nikamwomba mmoja atoke jinsi alivyo. Akanitazama kwa upole akasema, "Kijana wangu, mimi sitoki kwa geti hivyo. Watu wananijua."

Nikampiga picha akitoka jinsi alivyotaka. Ni sekunde nane: shati la samawati, kola imesimama, na kabla tu ya kuvuka geti anainua kidole cha shahada na kupangusa usi wa kushoto, pale ambapo uzi mmoja mweupe umebaki. Anautazama kidoleni. Anaupuliza. Anatoka.

Sekunde hizo zina kiwanda chote ndani yake, na hadhi yote ya mtu yule. Kama angenikubalia, ningepata picha ya vumbi tu.

Kwa hiyo chukulia kwamba kila mtu anataka kupendeza, maana ni kweli. Hata geti la Lyon lilipigwa zaidi ya mara moja, na katika moja ya picha hizo wafanyakazi wanaonekana wamevaa nguo za Jumapili. Robert Flaherty, katika *Nanook of the North* ya 1922, alihitaji nyumba ya barafu iliyokatwa nusu ili mwanga uingie, na akawataka Wainuiti wawinde kwa silaha za zamani ilhali bunduki walikuwa nazo. Yeye ndiye aliyewapamba, kwa mapambo ya kwake. Ubaya ni huo: kumvika mtu ndoto yako na kumnyima ya kwake.

Na mfano wa nyumbani upo karibu. Kutoka Thika hadi Gatundu ni safari fupi ya matatu. Huko ndiko kwao Jomo Kenyatta, aliyesomea anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski na kuchapisha *Facing Mount Kenya* mwaka 1938. Tazama picha yake katika kitabu hicho: amejitanda vazi la ngozi, anapima ncha ya mkuki kwa kidole. Huyu ni mtu aliyetembea mitaa ya London kwa suti, na ambaye mwaka 1935 alionekana miongoni mwa waigizaji wa nyuma katika filamu ya *Sanders of the River*. Alikwisha kusimama mbele ya kamera ya watu wengine na kuvaa walichompa. Safari hii alichagua mwenyewe. Picha ile inakuambia kwa usahihi kabisa jinsi Kenyatta alivyotaka Waingereza wamwone, na hiyo ni habari ya kianthropolojia ya daraja la kwanza.

Fanya hivi basi: mwulize kila mtu anataka apigwe wapi na amevaa nini. Mpige hivyo. Usizime kamera upesi. Ukweli hujileta wenyewe pale anapojiweka sawa.

Hatua ya tano: Danganya kwenye sauti

Sauti itakushinda. Malori yanapiga honi, boda zinapita, king'ora cha shifti kinalia katikati ya jibu zuri. Maikrofoni yako ya kuazima itameza yote sawasawa.

Usihangaike. Mfaransa Jean Rouch alipiga *Jaguar* katikati ya miaka ya 1950 kwa kamera isiyonasa sauti. Filamu inawafuata vijana wa Niger wanaokwenda kutafuta kazi Gold Coast, Ghana ya leo. Baadaye aliwaketisha vijana walewale, akawaonyesha picha, nao wakaongea juu yake: wakitaniana, wakibishana, wakijisifu, wakikumbuka. Filamu ilitoka 1967, na maneno yale ndiyo roho yake.

Iba hilo pia. Mchukue mtu wako Jumapili mchana, mkae chumbani kwake, funga dirisha, tundika blanketi mlangoni kuzuia kelele. Mwonyeshe picha ulizopiga getini, zikiwa kimya, na umwachie maikrofoni. Usimwulize swali. Atakuambia yule aliyesimama nyuma ni nani, anadaiwa na nani, na kwa nini siku hiyo supavaisa alikuwa na hasira. Mhadhiri wako ataandika pembeni kwamba umechagua mbinu shirikishi ya masimulizi. Ni kweli umechagua. Ulichaguliwa kwanza na kelele za malori, halafu ukachagua.

Hatua ya sita: Hapa hakuna njia ya mkato

Nimekuonyesha pa kukata kona. Hapa usikate.

Mtu anayeitwa kazini siku kwa siku ana jambo la kupoteza ambalo wewe huna. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana nani alihesabiwa getini, na kwa wiki ngapi, ni jambo zito. Filamu yako yenye uso, geti na tarehe inaweza kusomwa na mtu usiyemfikiria. Kibarua anaweza asiambiwe neno. Asubuhi moja tu kidole cha supavaisa kitamruka.

Kwa hiyo omba idhini mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kupiga, kwa lugha anayoielewa, ukimweleza filamu itaonyeshwa wapi na nani ataiona. Mara ya pili baada ya yeye kujiona kwenye skrini. Sahihi aliyoitia asubuhi akiwa na haraka ya kuhesabiwa haitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuondoa idhini yake baadaye, nawe mwambie hivyo kwa kinywa chako, hata ukiogopa kwamba ataitumia.

Akisema uso wake usionekane, usimfunike kwa ukungu unaomfanya afanane na mshukiwa wa polisi. Piga mikono. Piga viatu: viatu vya geti la kiwanda vinajua kusema. Piga kikombe cha chai kikipoa mbele ya mtu anayesubiri. Ukikosa uso utajifunza kutazama.

Hatua ya saba: Jibu swali la "sisi tutapata nini?"

Utaulizwa siku ya kwanza. Kwanza watauliza, "Wewe ni wa TV gani?" Ukisema wewe ni mwanafunzi, swali la pili litafuata: "Na sisi tutapata nini?"

Usijibu kwa hotuba kuhusu elimu na jamii. Usiahidi kwamba filamu itabadilisha mshahara wao, maana hutaweza. Jibu kwa kitu unachoweza kukitoa wiki hii. Mimi nilitoa picha. Ukiwa na kamera nzuri na asubuhi tulivu, unaweza kumpiga mtu picha ya kusimama, akiwa na mtoto wake, akiwa na mke wake, au peke yake na lile shati. Zisafishe studio mjini, ziweke kwenye bahasha, andika jina kwa mkono. Lipia chai yako kila siku bila kukosa, na usikope.

Baada ya bahasha ya kwanza, nilikuta watu wananisubiri. Shosho mmoja anayeuza ndizi alikuja na kitambaa kipya kichwani na kusema amesikia kuna mtu wa picha. Foleni ile nayo iliingia kwenye filamu.

Hatua ya nane: Toa kamera

Ukifika wiki ya tatu umechoka, umeishiwa na mawazo, na bado huna mwisho. Vizuri. Mpe mtu mwingine kamera.

Si uvivu, au basi ni uvivu wenye ukoo mkubwa. Rouch alipopiga *Moi, un noir* ya 1958 kati ya vibarua wa Niger mjini Abidjan, mmoja wao, Oumarou Ganda, ndiye aliyesimulia. Ganda hakuridhika kusimulia filamu ya mwingine. Akaendelea hadi kutengeneza *Cabascabo* na nyingine za kwake, na mwaka 1972 alitwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO kule Ouagadougou. Karibu nasi zaidi yupo Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, aliyejipiga picha mwenyewe na familia yake kwa miaka, katika ukame na mafuriko, hadi ikawa *Thank You for the Rain* ya 2017, aliyoitengeneza pamoja na Julia Dahr kutoka Norway.

Kama unaiogopea kamera ya idara, tumia simu ya mtu mwenyewe. Mwambie akuonyeshe njia yake ya kutoka nyumbani hadi getini, basi. Usimfundishe chochote isipokuwa kushika simu kwa ulalo. Nilipofanya hivyo, kijana mmoja aliniletea dakika sita za giza na tochi. Alikuwa ameipiga ardhi tu, kwa sababu kule anakopita maji machafu hukatiza njia na lazima utazame unapokanyaga. Mimi nilikuwa nimepita pale mara kumi nikipiga macheo.

Hatua ya tisa: Waonyeshe wao kabla ya mhadhiri

Rouch na Edgar Morin walifanya hivi Paris walipotengeneza *Chronique d'un été*, iliyotoka 1961, ambamo mmoja wa wahusika ni mfanyakazi wa kiwanda cha Renault. Waliwakusanya waliopigwa picha wakawaonyesha filamu. Baadhi walisema ni ya uongo, baadhi wakasema imevua watu nguo kupita kiasi. Rouch na Morin hawakuficha ubishi huo. Waliuweka ndani ya filamu.

Wewe huna ukumbi. Una laptopu na benchi la kibanda, Jumamosi mchana, shifti ya asubuhi ikiwa imetoka. Funika skrini kwa boksi la katoni kuzuia jua. Onyesha, kisha nyamaza.

Nilipoonyesha yangu, mama wa chai alitazama sehemu yake hadi mwisho, akaweka sufuria chini. Nilikuwa nimeweka kinanda cha huzuni chini ya mikono yake ikikanda unga. Akaniuliza, "Kwani nimekufa? Mbona umeniwekea wimbo wa matanga?" Wote wakacheka, naye hakucheka. Akaendelea: kibanda hicho ndicho kimesomesha watoto watatu, na mmoja ni mwalimu. Nilikuwa nimekaa pale wiki mbili na nusu bila kumwuliza.

Niliondoa kinanda usiku uleule. Kikabaki kile alichokuwa akikisikia yeye: redio, unga ukipigwa ubaoni, geti likifunguka. Nikamwomba aseme habari ya watoto mbele ya kamera, akakubali, baada ya kubadilisha leso.

Huo ndio msaada mkubwa kuliko wote utakaopata, na ni wa bure. Mhadhiri atakurekebishia nadharia. Wenye filamu watakurekebishia filamu.

Hatua ya kumi: Kiri kwenye ripoti, na uiwasilishe kwa wakati

Sasa toa ile nakala ya barua yenye muhuri. Iweke kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Andika: niliomba kuingia, sikujibiwa, nikabaki nje, na nje nikaona haya. Andika kilichobadilika na nani alikibadilisha. Wataje kwa heshima waliotaka kutajwa, na uwafiche vizuri wasiotaka. Usijifanye kwamba ulipanga. Kushindwa ukikuandika kwa usahihi kunakuwa mbinu, na mwanafunzi atakayekuja baada yako ataanzia hapo ulipoishia wewe.

Flaherty mwenyewe alianza kwa msiba. Mwaka 1916 sigara yake iliteketeza futi zipatazo 30,000 za filamu aliyokuwa ameileta kutoka kaskazini mwa Kanada. Baadaye alikiri kwamba ile iliyoungua haikuwa nzuri, akarudi kule tena. Wewe hujaunguza kitu. Umenyimwa ruhusa ya kuingia tu.

Ukishapata alama zako, usikimbie. Panda 237 tena ukiwa na flashi mfukoni, umpelekee kila mtu nakala yake, na ukae unywe chai hadi imalizike. Kama huna muda, tuma kwa simu. Lakini tuma.

Yule mwenye shati la samawati nilimtumia sekunde zake nane. Aliacha kazi ya nyuzi muda mrefu uliopita, sasa ana duka la vipuri vya pikipiki huko Ruiru. Kila akinipigia simu kunisalimia, picha yake inatokea kwenye WhatsApp yangu: ametoa moja kutoka zile sekunde, kidole kimeinuka, kola imesimama. Hajawahi kuibadilisha. Wateja wake wanadhani anawaonyesha njia.